Majaji wa Marekani: wanapatikanaje, wanafanya nini, na wako huru kiasi gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukifuatilia habari za Marekani kwa wiki moja tu, utamsikia jaji: kazuia amri ya rais, kamfunga tajiri, kamwachia fulani kwa dhamana. Maswali yanayofuata huwa ni yale yale, na hapa yamejibiwa, mengine kwa kirefu, mengine kwa sentensi chache. Shika jambo moja tangu mwanzo: Marekani haina aina moja ya jaji. Yupo anayekaa kitini hadi kufa, yupo anayeomba kura kama diwani, na yupo ambaye ni mwajiriwa wa wizara. Ukitaka kujua jaji fulani yuko huru kiasi gani, uliza kwanza ni nani mwenye uwezo wa kumtoa kazini.

Kwa nini mara tunasikia "mahakama ya shirikisho", mara "mahakama ya jimbo"?

Kwa sababu mifumo miwili inafanya kazi kwa wakati mmoja. Serikali ya shirikisho ina mahakama zake: 94 za wilaya, ambako kesi huanzia, 13 za rufaa, na juu kabisa Mahakama ya Juu yenye majaji 9, jijini Washington. Kando yake, kila moja ya majimbo 50 ina ngazi zake za mahakama, kuanzia ile ndogo ya mjini hadi mahakama ya juu ya jimbo. Kesi nyingi mno ziko huku majimboni: mauaji, wizi, talaka, malezi ya watoto, mirathi, ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba. Mmarekani anaweza kuzeeka bila kumwona jaji wa shirikisho ana kwa ana.

Kama juri ndiyo inayoamua, jaji anabaki na kazi gani?

Juri, ambayo kwenye kesi nzito za jinai kwa kawaida ni raia 12, huamua yaliyotokea: mshtakiwa alifanya au hakufanya. Jaji hushika sheria. Ndiye anayesema ushahidi upi uingie na upi ubaki nje, wakili asiulize swali gani, juri ielezwe sheria kwa maneno yapi. Mshtakiwa akikutwa na hatia, mara nyingi ni jaji anayepanga adhabu.

Waliozoea mahakama zetu wasiichanganye juri na wazee wa baraza. Maoni ya wazee wa baraza hayakuwa yakimfunga jaji. Juri ya Marekani ikisema mshtakiwa hana hatia, habari imekwisha, hata kama jaji mwenyewe anaamini vingine. Na kwa wasomaji wa Kongo au Burundi, waliokulia kwenye sheria zenye asili ya Kifaransa na Kibelgiji: jaji wa Marekani hatafuti ushahidi wala haongozi mahojiano. Anasubiri mawakili wa pande mbili wamletee.

Ila sinema zimetudanganya kidogo. Zaidi ya asilimia 90 ya wanaotiwa hatiani katika mahakama za shirikisho hukiri kosa kwa makubaliano na mwendesha mashtaka, bila juri kuketi hata siku moja. Hapo jaji huhakikisha mtu amekiri kwa hiari yake, kisha anatoa adhabu. Kwa maoni yangu, kwenye kesi za namna hiyo mwenye nguvu kubwa zaidi ni mwendesha mashtaka.

Nani huwateua majaji wa shirikisho?

Rais anapendekeza jina, Seneti inalihoji na kulipigia kura. Ndivyo Katiba inavyosema, na haisemi mengi zaidi. Yaliyobaki ni desturi na mabavu ya kisiasa.

Mwaka 1987 Seneti ilimkataa Robert Bork, aliyependekezwa na Rais Ronald Reagan, kwa kura 58 dhidi ya 42. Tangu hapo mahojiano ya Seneti yamekuwa vita ya televisheni. Februari 2016 Jaji Antonin Scalia alifariki. Rais Barack Obama akampendekeza Merrick Garland, lakini Warepublican waliokuwa na wingi katika Seneti wakagoma hata kumwita kwa mahojiano, wakidai ni mwaka wa uchaguzi na wananchi waamue kwanza. Jina lilikaa mezani hadi Obama akaondoka. Mwaka 2020 Jaji Ruth Bader Ginsburg akafariki Septemba, uchaguzi ukiwa Novemba. Seneti ile ile ikamthibitisha Amy Coney Barrett siku nane kabla ya uchaguzi, kwa kura 52 dhidi ya 48. Hoja ya 2016 haikusikika tena.

Wademocrat nao si malaika. Mwaka 2013 ndio walioshusha kiwango cha kura za kufunga mjadala kuhusu majaji wa ngazi za chini, ili wasihitaji tena kura za upinzani. Mwaka 2017 Warepublican wakafanya vivyo hivyo kwa Mahakama ya Juu, na Neil Gorsuch akapita. Leo chama chenye rais na Seneti kinaweza kumpitisha kimtakaye bila kura hata moja ya wapinzani.

Kwani hawana Tume ya Utumishi wa Mahakama?

Kwa majaji wa shirikisho, hawana. Kenya tume huwahoji waombaji hadharani na kumpelekea rais majina; Tanzania rais huteua majaji baada ya kushauriana na tume. Washington, kazi ya kutafuta majina hufanywa na ofisi ya rais, na maseneta wa jimbo husika huwa na sauti kubwa kuhusu majaji wa wilaya. Baadhi ya majimbo yanazo tume, tutazifikia.

Lazima awe mwanasheria?

Katiba haidai shahada, umri, wala hata uraia. Kiutendaji, majaji wote wa Mahakama ya Juu wamekuwa wanasheria, ingawa James Byrnes, aliyeingia mwaka 1941, hakuwahi kukaa darasa la chuo cha sheria, alijisomea mwenyewe. Katika baadhi ya mahakama ndogo za miji na vijiji jimboni New York, hadi leo unaweza kukutana na hakimu asiye mwanasheria.

Ni kweli hawastaafu?

Jaji wa shirikisho aliyeteuliwa chini ya Ibara ya 3 ya Katiba hushika kiti maadamu ana mwenendo mwema, maana yake maisha yote akitaka. Na mshahara wake hauwezi kupunguzwa akiwa kazini. Ulinzi huu wa pili hausifiwi inavyostahili. Waliotunga Katiba mwaka 1787 walijua kwamba bunge lililokasirika halihitaji kumfukuza jaji likiweza kumbana tumbo. Mwaka 2024 jaji wa wilaya wa shirikisho alilipwa dola 243,300, fedha ambayo wakili wa kampuni kubwa New York anaiona ndogo, lakini hakuna mwanasiasa awezaye kuigusa.

Akifika miaka 65 na utumishi wa miaka 15, jaji anaweza kupunguza kazi huku akiendelea kulipwa na kusikiliza kesi chache. Hapo nafasi yake hujazwa na mtu mpya. Majaji wengi huvizia rais wa mrengo wao ndipo wachukue hatua hiyo, jambo wasilopenda kulisema hadharani.

Jaji wa shirikisho anaweza kufukuzwa?

Anaweza, ila rais hawezi. Baraza la Wawakilishi hufungua mashtaka, kisha Seneti husikiliza, na kumtoa kunahitaji theluthi mbili ya maseneta. Tangu taifa lianze, majaji 15 wa shirikisho wamefunguliwa mashtaka hayo na 8 wakaondolewa, wa mwisho akiwa Thomas Porteous wa Louisiana mwaka 2010, kwa masuala ya rushwa.

Kesi iliyoweka msingi ni ya Samuel Chase, jaji wa Mahakama ya Juu, ambaye wafuasi wa Rais Thomas Jefferson walitaka kumng'oa kwa sababu ya siasa zake. Mwaka 1805 Seneti ikamwachia. Tangu siku hiyo imekuwa mwiko kumwondoa jaji kwa kuwa tu hukumu yake imeudhi. Mwiko huo hujaribiwa mara kwa mara: Machi 2025, Rais Donald Trump alipotaka jaji mmoja aondolewe baada ya kuzuia safari za kuwafukuza wahamiaji, Jaji Mkuu John Roberts alitoa taarifa siku hiyo hiyo kukumbusha kwamba asiyeridhika na hukumu hukata rufaa.

Kioja kimoja: Alcee Hastings aliondolewa ujaji mwaka 1989, kisha mwaka 1992 wananchi wa Florida wakamchagua kuingia katika Baraza lile lile lililokuwa limemshtaki. Alikaa humo hadi alipofariki mwaka 2021.

Jaji aliyeteuliwa na rais hatampendelea rais huyo?

Mara nyingi walioteua wamejuta. Julai 1974, Mahakama ya Juu ilimwamuru Rais Richard Nixon akabidhi kanda za mazungumzo yake, kura 8 kwa 0, na watatu kati ya hao wanane aliwateua yeye mwenyewe. Siku 16 baadaye akajiuzulu. Baada ya uchaguzi wa 2020, kesi za kambi ya Trump za kupinga matokeo zilitupwa moja baada ya nyingine, nyingine na majaji aliowateua yeye.

Nisikufiche upande wa pili. Katika mambo yanayowagawa Wamarekani hasa, kama utoaji mimba, silaha na mipaka ya majimbo ya uchaguzi, kura za Mahakama ya Juu hufuata kwa kiasi kikubwa chama cha rais aliyeteua. Mwaka 2022 haki ya kikatiba ya kutoa mimba iliyodumu tangu 1973 ilifutwa kwa kura tano, zote za majaji walioteuliwa na marais Warepublican. Si kwamba wanapigiwa simu na Ikulu. Walichaguliwa kwa sababu mtazamo wao ulijulikana, na kwa cheo cha maisha hawahitaji simu.

Kuna mfano wa uhuru huo unaotugusa sisi?

Upo, na unauma. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Watu 224 wakafa, wengi wao Wakenya na Watanzania waliokuwa kwenye shughuli zao. Ahmed Khalfan Ghailani, Mtanzania kutoka Zanzibar, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akashikiliwa kwa siri na shirika la ujasusi la CIA, akapelekwa Guantanamo, na mwaka 2009 akafikishwa mahakama ya wilaya ya shirikisho New York, kwa Jaji Lewis Kaplan.

Serikali ilikuwa na shahidi mzito kutoka Tanzania, ambaye angeeleza juri kwamba alimuuzia Ghailani baruti. Tatizo ni kwamba jina la shahidi huyo lilipatikana kutokana na maneno ya Ghailani alipohojiwa kwa kushurutishwa na CIA. Oktoba 2010 Kaplan akamzuia shahidi asipande kizimbani. Mwezi uliofuata juri ikamwachia Ghailani kwa mashtaka zaidi ya 280, ikamtia hatiani kwa moja tu, la kula njama ya kuharibu majengo na mali za serikali.

Wanasiasa walifoka. Wapo waliosema kesi za ugaidi zisiletwe tena mahakama za kiraia. Kaplan hakupunguziwa dola wala kuhamishwa. Januari 2011 yeye huyo huyo alimhukumu Ghailani kifungo cha maisha kwa lile shtaka moja, na mwaka 2013 mahakama ya rufaa ikaiacha hukumu kama ilivyo. Kwa familia za Nairobi na Dar, kusikia "hana hatia" zaidi ya mara 280 lilikuwa jambo zito, na hakuna hoja ya kisheria inayolifuta. Lakini fikiria jaji anayehitaji kura mwaka unaofuata akiwekwa mahali pa Kaplan. Angethubutu?

Majaji wa majimbo wanapigiwa kura kweli?

Kweli kabisa. Mississippi ilianza kuwachagua majaji wake wote mwaka 1832, na majimbo mengi yakafuata, kwa hoja iliyosikika vizuri: bora jaji awajibike kwa wananchi kuliko kwa gavana na marafiki zake. Leo majimbo mengi hutumia kura kwa namna fulani. Texas, jaji hugombea kwa tiketi ya chama. Wisconsin, karatasi ya kura haitaji chama, ingawa kila mtu anajua nani ni wa nani. Missouri, tangu 1940, tume hupendekeza majina, gavana huchagua, kisha baada ya muda wananchi huulizwa swali moja: abaki au aondoke? Virginia na South Carolina bunge la jimbo ndilo linalochagua. Rhode Island, majaji hukaa maisha kama wale wa shirikisho.

Kasoro inaonekana kwenye fedha. West Virginia, mwaka 2004, bosi wa kampuni ya makaa ya mawe ya Massey alitumia takribani dola milioni 3 kumsaidia mgombea mmoja wa mahakama ya juu ya jimbo, huku kampuni yake ikijiandaa kukata rufaa dhidi ya hukumu ya kulipa dola milioni 50. Mgombea akashinda, akakataa kujitoa katika kesi hiyo, na kampuni ikashinda kwa kura 3 dhidi ya 2, yake ikiwemo. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema alipaswa kujitoa. Hata hapo, majaji wanne kati ya tisa walipinga.

Siku hizi hizo milioni 3 ni za kunywea chai. Uchaguzi wa kiti kimoja tu cha mahakama ya juu ya Wisconsin, Aprili 2025, ulimeza zaidi ya dola milioni 100. Elon Musk na makundi yake walimwaga zaidi ya milioni 20 kwa mgombea wao, naye akashindwa na Susan Crawford.

Na kuna hofu ya hukumu moja. California, mwaka 1986, Jaji Mkuu wa jimbo Rose Bird na wenzake wawili waling'olewa kwa kura, sababu kubwa ikiwa kufuta hukumu za kifo. Iowa, mwaka 2010, majaji watatu waliondolewa mwaka mmoja baada ya mahakama yao kuruhusu ndoa za jinsia moja. Ukubaliane na hukumu hizo au usikubaliane nazo, ujumbe uliwafikia majaji wote waliobaki.

Kuchaguliwa na wananchi hakuzuii rushwa?

Luzerne, Pennsylvania, inatosha kujibu. Majaji wawili wa kuchaguliwa, Mark Ciavarella na Michael Conahan, walipokea zaidi ya dola milioni 2.8 kutoka kwa watu waliohusika na magereza binafsi ya watoto, huku watoto wakipelekwa kifungoni kwa makosa madogo madogo, wengi bila wakili. Mambo yalifichuka, na mwaka 2011 Ciavarella akafungwa miaka 28, Conahan miaka 17 na nusu. Maelfu ya hukumu za watoto zilifutwa. Walikuwa wamepigiwa kura na watu hao hao waliowaumiza.

Jaji mmoja wa wilaya anawezaje kuzuia amri ya rais nchi nzima?

Mamlaka ya kusema sheria au amri fulani inakiuka Katiba yalitamkwa wazi mwaka 1803 na Jaji Mkuu John Marshall, katika kesi ya Marbury dhidi ya Madison. Kila jaji wa shirikisho anayo, si wale tisa tu. Suala la zuio kugusa nchi nzima, hata watu wasiofungua kesi, ndilo lililokuwa na ubishi. Juni 2025 Mahakama ya Juu ilipunguza sana mazuio ya namna hiyo, ikisema jaji awape nafuu walio mbele yake. Njia ya kesi ya pamoja, ambapo wachache hushtaki kwa niaba ya kundi zima, ilibaki, na mawakili wakaikimbilia.

Rais akikataa kutii?

Mahakama haina jeshi wala mkoba wa fedha. Mwaka 1957, gavana wa Arkansas alipotumia askari kuwazuia wanafunzi weusi kuingia shule ya Little Rock licha ya amri ya mahakama, Rais Dwight Eisenhower alituma wanajeshi kuwasindikiza darasani. Alipokuwa mbishi ni gavana, rais alikuwepo. Mbishi akiwa rais mwenyewe, kinachobaki ni Bunge, wapiga kura na aibu. Hata walinzi wa majaji, maofisa wa Marshal, wako chini ya Wizara ya Sheria ya rais.

Mahakama yao inaweza kufuta uchaguzi wa rais, kama Kenya 2017?

Hakuna njia ya namna ile. Kenya, Katiba inaipa Mahakama ya Juu kazi ya kusikiliza shauri la kupinga matokeo ya urais, na ndivyo majaji walioongozwa na David Maraga walivyoufuta uchaguzi. Marekani, uchaguzi unaendeshwa na majimbo na kura za wajumbe zinahesabiwa na Bunge. Mahakama huingia pembeni, kama mwaka 2000 iliposimamisha kuhesabu upya kura za Florida na George W. Bush akabaki mbele kwa kura 537. Ilitosha kuamua rais.

Rais anaweza kuongeza majaji ili apate wingi?

Idadi ya 9 haimo kwenye Katiba. Ni sheria ya Bunge, na haijabadilika tangu 1869. Franklin Roosevelt alijaribu mwaka 1937 kuifikisha hadi 15, baada ya mahakama kufuta sheria zake za uchumi. Chama chake mwenyewe kilimkatalia.

Na zawadi kutoka kwa matajiri?

Majaji wa ngazi za chini wana kanuni za maadili na mahali pa kuwalalamikia. Wale tisa walijiandikia kanuni Novemba 2023 tu, baada ya kufichuka kwa safari za anasa alizolipiwa Jaji Clarence Thomas na rafiki yake tajiri. Kanuni hizo hazina msimamizi. Kila jaji anajiamulia mwenyewe kama ajitoe kwenye kesi. Kwangu hilo ni pengo, si uhuru.

Jaji wa uhamiaji naye ana uhuru huo?

Hana, na hili liwaguse hasa wanaoomba hifadhi kutoka Kongo, Burundi na kwingineko. Jaji wa uhamiaji huvaa joho na kukaa mbele kama wengine, lakini ni mwajiriwa wa Wizara ya Sheria, chini ya Mwanasheria Mkuu wa serikali. Anaweza kuachishwa kazi, na mwaka 2025 makumi waliachishwa. Mwanasheria Mkuu anaweza pia kuichukua kesi na kuiamua mwenyewe. Mwaka 2018 Jeff Sessions alitumia mamlaka hayo kuwabana waathirika wa ukatili wa majumbani wanaoomba hifadhi. Mwaka 2021 uamuzi huo ukafutwa na Mwanasheria Mkuu mwingine: Merrick Garland, yule yule aliyenyimwa kiti cha Mahakama ya Juu.

Juri hakuna huku, na serikali haikupi wakili. Unatafuta mwenyewe, au shirika la msaada wa kisheria. Mkalimani mahakamani hulipiwa na serikali, kwa hiyo omba wa Kiswahili mapema, na kama Kiswahili chake hukielewi, mwambie jaji hapo hapo ili iandikwe kwenye kumbukumbu. Ukishindwa, rufaa huenda kwanza kwenye Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, iliyo chini ya wizara ile ile. Baada ya hapo ndipo unaweza kuwafikia majaji wa rufaa wa shirikisho, wale wa cheo cha maisha, na wao husoma yaliyoandikwa kwenye kumbukumbu tu. Ukihama nyumba, iarifu mahakama anwani mpya kwa fomu yake. Usipofika siku ya kesi, jaji anaweza kuamuru uondolewe nchini bila kukusikiliza, na "barua haikunifikia" ni utetezi mgumu kama anwani uliiacha ya zamani.